Mwanya Chini ya Nyumba Yangu

Jumatatu, 17 Novemba 1975

Nimeumia kidole gumba cha mguu wa kulia. Nimepiga teke mfuko wa saruji. Kumbe si saruji tena. Ni jiwe!

Niandike kwa utaratibu, maana nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi. Mimi, Josephat, ni Kaimu Mtunza Stoo ya Mbegu hapa Mpanda mjini. Kaimu! Mwaka wa pili huu ni kaimu. Stoo yenyewe ni chumba kilichochimbwa chini ya nyumba ya Mzungu mmoja, mhandisi wa mgodi, zamani zile mgodi ukiwa hai. Watu wanakiita Shimo la Mzungu. Ngazi kumi na moja kwenda chini, kuta za mawe, sakafu ya zege, na kidirisha kimoja chenye wavu, juu kabisa, usawa wa ardhi ya nje. Juu yake tunaishi sisi, mimi na mke wangu Emerensiana, Mama Eufrazia. Vyumba vitatu, veranda, bafu lenye vigae. Anayetunza mbegu ndiye anayekaa nyumba hii. Ndiyo kanuni.

Tatizo ni mwanya. Pale sakafu inapokutana na kuta pameachana, kuzunguka chumba chote. Pengine unaingia ukucha, pengine kinaingia kidole kizima. Mvua ikinyesha, maji yanachungulia hapo, halafu yanapanda. Mwezi Aprili magunia saba ya mbegu ya mpunga ya watu wa Majimoto yaliota humo humo. Mpunga kijani, ndani ya gunia! Bartolomeo alikuja kuutazama akaniuliza nitavuna lini.

Bartolomeo ni mtunza ghala la mabati kule stesheni. Amepanga chumba kimoja nyuma ya machinjio. Anaitaka nyumba yangu. Kila akija anaitazama kama mtu anayechagua mbuzi.

Leo barua imefika. Mkaguzi atakuja kutoka mkoani Jumatano, tarehe 3 Desemba. Akiikuta stoo kavu, nathibitishwa, ukaimu kwisha, nyumba ni yangu mpaka nistaafu. Akiikuta na maji, mbegu zote anapewa Bartolomeo, na nyumba pamoja nazo.

Nimeshuka chini mbio kuchukua saruji. Mifuko miwili ililetwa kwa treni mwezi wa nane, ya kuzibia huo mwanya. Niliificha Bartolomeo asiione: humo humo stoo, nyuma ya magunia, chini sakafuni, imeegemezwa ukutani. Mahali salama kuliko pote. Sasa nina mawe mawili yenye umbo la mifuko.

Kosa la nani? La Bartolomeo. Asingekuwa na macho ya wizi, mimi ningeficha nini?

Jumanne, 18 Novemba

Amekuja Severini, fundi mwashi, mzee aliyefanya kazi mgodini miaka mingi. Mtu wa taratibu mpaka unataka kumsukuma. Amegonga sakafu kwa tindo, akasikiliza. Amegonga ukuta, akasikiliza. Akawasha sigara. Akasema kazi ni mbili.

Ya ndani: kuupanua mwanya kwa tindo na nyundo, kufagia vumbi lote, kulowesha, kushindilia saruji na mchanga vilivyokandwa vikavu, halafu kona yote kuiviringa iwe kama ndani ya bakuli. Ya nje, na hiyo ndiyo ya kwanza: kuchimba mfereji nyuma ya nyumba. Ati maji ya paa yanaanguka miguuni mwa ukuta, yanatuama, yanazama, yanatafuta pa kutokea. Ati maji ninayoyalaani chini yanatoka kwenye paa langu mwenyewe!

Nilimwambia naijua sakafu yangu. Akauliza saruji iko wapi. Nikamwonyesha. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakaa juu yake. Akasema saruji huwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu. Leo ndiyo ananiambia! Mpanda nzima saruji hakuna mpaka Januari.

Akaondoka akisema nianze na mfereji, hautaki saruji, unataka jembe tu. Jembe! Kaimu Mtunza Stoo ainame na jembe nyuma ya nyumba ya serikali, Bartolomeo akipita na baiskeli? Sithubutu. Mama Eufrazia alimfuata Severini mpaka njiani kumuuliza kina kiwe kiasi gani. Nimemwambia asimpotezee fundi muda.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimepata dawa bila msaada wa mtu. Udongo wa kichuguu! Bibi yangu alisiriba kwa udongo huo na mavi ya ng'ombe, sakafu yake ikalia kama sahani. Saruji ya nini?

Udongo nimechimba mwenyewe kabla watu hawajaamka. Mavi nimekwenda kuomba kwa Masalu, Msukuma mwenye ng'ombe wengi pembeni mwa mji. Ameniuliza ni ya nini. Nimesema ya ofisi. Akasema ofisini kwetu kweli kuna kazi. Kanijazia madebe mawili lakini mkokoteni kaninyima. Nimebeba debe moja moja kichwani, katikati ya soko, nikiwa na tai shingoni. Kinyozi alisimamisha mkasi. Na kwenye kiti chake, na povu shavuni, alikuwa nani? Bartolomeo! Akanisalimia kwa cheo. Kaimu, shikamoo, akasema, na ananizidi miaka mitatu.

Nimeshindilia mwanya wote. Umependeza. Mikono inanuka lakini moyo umetulia.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua. Saa mbili mfululizo, mchana kweupe.

Udongo umekuwa uji. Sakafu yote ni uji! Harufu ya zizi imepanda ngazi kumi na moja mpaka sebuleni. Tumehamisha magunia yote, mimi na Mama Eufrazia, yamejaa veranda na chumba cha kulala. Kidirisha cha chini nimeking'oa wavu kwa hasira ili harufu itoke. Wavu umechanika. Na uchanike!

Mama Eufrazia alibeba mpaka gunia la mwisho. Halafu akasema alisimama nyuma ya nyumba wakati wa mvua, akaona dimbwi limejikusanya kwenye ukuta, bata angeogelea. Akasema Severini hakukosea. Nilimjibu kwamba mambo ya kitaalamu awaachie wenye nayo. Alinitazama mikono. Ilikuwa na mavi mpaka kwenye viwiko.

Jumatatu, 24 Novemba

Bartolomeo kaja na futi kamba. Futi kamba! Kaingia sebuleni kwangu, kapita katikati ya magunia, kapima dirisha. Nikamuuliza anafanya nini. Ati mke wake anataka kuanza mapema kushona mapazia. Nilimtoa kwa mabega. Alipofika ngazini akavuta pumzi akauliza kama ng'ombe tunalala nao chumba kimoja.

Nilizunguka nyumba mara nne nikiongea peke yangu. Mara ya nne nikakumbuka. Nta! Nta haipiti maji. Baba yangu alikuwa mrina asali misitu ya Inyonga, nimekulia kwenye harufu ya nta. Niliukimbia msitu nikiwa na miaka kumi na minne, nyuki aliponiingia sikioni. Niliapa nitafanya kazi ya makaratasi. Lakini nta naijua.

Nimekwenda kwa baba mdogo Gaspar, mdogo wake marehemu baba, ambaye hadi leo anatundika mizinga. Ningemwambia ni ya sakafu asingenipa hata ya kupaka uzi. Kwa hiyo nilimwambia nimechoka na makaratasi, nataka kurudia kazi ya baba, na mzinga wa kwanza nimeshauchonga. Machozi yalimlenga. Alinishika mikono yote miwili. Kanipa kikapu kizima, mikate ya nta mizuri, ya njano.

Halafu akaanza kunifundisha. Amesema huu ndio msimu, mvua za kwanza, makundi ya nyuki yamehama yanatafuta nyumba. Wanapenda pakavu, penye giza, mlango mdogo. Unapaka nta kidogo tu ndani ya mzinga, harufu inawaita. Akarudia: kidogo, mwanangu, ukipaka nyingi utaita msitu mzima. Nilisema ndiyo, ndiyo, ndiyo baba. Mzee huyu akianza kuongea hamalizi.

Jumatano, 26 Novemba

Kazi imekwisha! Nimesafisha uji wote, nimekausha mwanya kwa makaa, nimeyeyusha nta, nimeimimina kuzunguka chumba chote. Iliyobaki nimeipaka ukutani, shubiri nzima kwenda juu, ili maji yasipate hata wazo. Harufu ya zizi imekufa. Sasa kunanukia asali. Kwa dakika moja nilimkumbuka baba, nikakaa kwenye jiwe langu la saruji.

Tatizo dogo ni sufuria. Nilitumia ile kubwa ya Mama Eufrazia, aliyopewa na mama yake siku ya harusi. Nta imeganda humo na makaa yameitoboa. Aliiona. Alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kuchimba. Amechimba mchana kutwa. Nilidhani ananichimbia kaburi. Nimemwacha apoze hasira.

Ijumaa, 28 Novemba

Mvua kubwa kuliko zote mwaka huu! Toka alfajiri mpaka saa nne. Nilishuka na tochi.

Kavu! Nimepitisha mkono kona zote nne. Kavu kabisa! Nimeibusu sakafu. Nta imekuwa ladha ya ushindi mdomoni.

Nimepanda mbio kumwambia Mama Eufrazia. Alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma, matope mpaka magotini, jembe begani. Akaniuliza kama nimekwenda kutazama nyuma ya nyumba. Nilimwambia sina nafasi, naandika barua. Nimeandika kurasa tatu kwa mkuu wa idara, kupendekeza nta kwa stoo zote za mkoa.

Severini alipita jioni. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akakaa huko kidogo, akarudi akimwambia mke wangu kwamba mteremko ameuweka vizuri. Mimi hakunisalimia. Mafundi hawana adabu.

Jumapili, 30 Novemba

Baada ya Misa tumerudisha magunia chini. Yamepangwa kama askari wa gwaride.

Nyuki kumi hivi walikuwa wanaingia na kutoka kidirishani, wanatembea ukutani, wanapima pima. Mama Eufrazia akasema nizibe kidirisha. Nilimkumbusha kwamba mimi nimezaliwa kwenye nyuki, sifundishwi nyuki na mtu aliyezaliwa kwenye mihogo. Wamepotea njia tu, wataondoka.

Nimefunga mlango wa stoo kwa kufuli. Ufunguo uko shingoni mwangu. Haufunguliwi mpaka Mkaguzi afike. Bartolomeo anaweza kuja kumwaga ndoo ya maji, namjua.

Jumatano, 3 Desemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba. Jicho moja halifunguki.

Mkaguzi alifika saa tatu, mtu mnene, mpole, suti ya kijivu. Na nyuma yake, amembebea mkoba, Bartolomeo! Nani kamwita? Nilisimama juu ya ngazi nikatoa hotuba yangu kuhusu nta. Mkaguzi akauliza mvumo ule ni wa nini. Ulikuwepo mvumo, ndiyo. Nilisema ni mashine ya kusaga ya sokoni. Nikafungua kufuli, nikamkaribisha mgeni atangulie, kama heshima inavyotaka.

Kundi lilikuwa limening'inia kona ya mbali juu ya mbegu za mpunga. Kubwa kama gunia. Shimo zima lilikuwa jeusi na linatembea.

Mrina anajua: unasimama kimya, unarudi nyuma polepole. Ningewatoa wote salama. Ni Bartolomeo aliyepiga yowe na kuanza kupunga faili! Wakatushukia. Mkaguzi aliumwa mdomoni katikati ya sentensi na sentensi haikumalizika. Mimi niliwahi bafuni nikajifungia. Mkaguzi na Bartolomeo walifika mlangoni wakagonga, wakagonga sana. Lakini bafu ni dogo.

Aliyeleta amani ni Mama Eufrazia, aliyekwenda kumwita baba mdogo Gaspar. Mzee alikuja na mzinga na kijinga cha moshi. Akashuka taratibu anaongea nao kwa Kikonongo. Muda si mrefu kundi lote lilikuwa mzingani. Alitoka anatabasamu, akaniambia kupitia mlango wa bafu kwamba baba yangu angefurahi. Halafu akarudi kuchukua kofia yake, ndipo akaiona nta. Sakafuni. Ukutani. Yote.

Nilisikia akikaa kwenye jiwe la saruji. Nilitoka nikashuka. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama mzinga niliomwambia upo. Nikasema haupo. Akachukua kofia yake akaenda. Ningependa angetukana.

Ijumaa, 5 Desemba

Kikao kimekaa kwenye veranda yangu. Mkaguzi midomo bado imevimba, maneno yake yalikuwa yanatoka na mate, lakini kila mtu aliyaelewa. Sakafu aliikuta kavu. Mbegu kavu. Katika stoo zote za mkoa alizokagua mvua hizi, kavu ni hii tu. Akataka kujua sababu.

Nilisimama. Nta, nilisema. Nikaeleza kwa kirefu.

Severini akaomba kusema. Alishuka chini akarudi na kipande cha nta alichokibandua kwa ukucha. Ukucha tu! Akasema nta hii haishikamani na zege lenye vumbi, maji yangeisukuma nje asubuhi moja. Maji hayakuja kabisa, na sababu iko nyuma ya nyumba. Kikao kizima kikainuka kikaenda nyuma. Mimi pia nikaenda. Sikuwa nimepaona tangu Jumatano ya wiki iliyopita.

Mfereji. Kona hadi kona, kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, umepangwa mawe, unateremka mpaka korongoni. Mkaguzi akauliza nani kachimba. Watu wote wakamtazama Mama Eufrazia. Yeye akatazama jembe lake.

Uamuzi: Mtunza Stoo ya Mbegu ni Emerensiana. Si Kaimu! Amethibitishwa pale pale, nyuma ya nyumba, na nyumba ni yake kwa kanuni ile ile. Mkaguzi atamletea mfuko mmoja wa saruji kwa lori, Severini amalizie mwanya kwa ndani.

Na mimi? Kaimu Msaidizi wa Mtunza Stoo. Kaimu! Bartolomeo alipiga makofi kwa mkono mmoja, ule usiovimba. Anarudi machinjioni, hilo ndilo tone langu la furaha.

Aliponivua ufunguo shingoni, Mama Eufrazia alifanya polepole, usije ukagusa nilipoumwa. Akasema nyumba haikwenda kwa mtu, Baba Eufrazia, tumo ndani sote. Akaniuliza kama nitakula. Nilisema sitaki. Nimekula sahani mbili, kwa hasira.

Jumanne, 9 Desemba, Sikukuu ya Uhuru

Wote wako uwanjani. Mama Eufrazia anaandamana na akina mama, kitambaa kipya kichwani. Nimebaki kulinda nyumba. Ufunguo kaniachia. Niliuomba kwa adabu.

Kimya kizuri cha kufikiri. Nimefikiri juu ya mfereji. Jumapili baada ya Misa watu walitoka kanisani wakaja kuutazama! Wanasimama, wanatikisa vichwa, wanamwambia mke wangu hongera. Nta hakuna anayeiulizia. Mimi nilikausha mwanya kwa makaa, nimeungua vidole, nimeumwa na nyuki, mnasifu shimo! Nyie watu!

Lakini ukweli unathibitishwa kwa vitendo. Nta bado imo mwanyani, Severini ameibandua kipande kimoja tu. Kwa hiyo asubuhi hii nimeufukia mfereji. Wote, kona hadi kona, nimekanyaga kanyaga udongo ukakaa sawa. Mawe nimeyapanga kuzunguka veranda, yamependeza. Nimeshika jembe, ndiyo, lakini mji mzima uko uwanjani. Mvua ijayo sakafu itakuwa kavu kama kawaida, na hapo tutajua nani alistahili nini. Labda watanirudishia hata cheo.

Jambo jingine nililorekebisha ni saruji. Mfuko wa Mkaguzi ulifika jana. Mama Eufrazia aliuweka sebuleni, juu ya mbao, katikati ya chumba, ili Severini aukute kesho. Sebuleni! Mtu yeyote anauona kutokea dirishani. Bartolomeo amepita hapa na baiskeli mara mbili toka jana. Huyu mama ana moyo mzuri lakini wizi haujui.

Nimeubeba peke yangu, ngazi kumi na moja. Nimeuficha nyuma ya magunia, chini kabisa, nimeuegemeza ukutani. Hapo hata Bartolomeo hatauona.

Upande wa Mwese kumekuwa kweusi, kumeanza kunguruma. Wacha inyeshe!